Makadirio

Mwezi wa tatu, masika bado yanajikusanya,
ofisi ya Mipango, Chake Chake, ghorofa ya pili.
Nimepewa jedwali la safu kumi na moja
na safu ya mwisho ni nyeupe.
Wanataka tarakimu:
karafuu za mwaka ujao, tani ngapi?

Nimekwenda Mtambwe, nimekwenda Ole na Kangagani,
nimesimama chini ya mikarafuu mpaka shingo ikaniuma,
nahesabu machipukizi
madogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti.
Mwenye shamba, Bi Mize Shaame, akaniangalia akacheka:
"Unahesabu mimba, mwanangu?
Mimba haihesabiwi. Husubiriwa."
Nikaandika: mahojiano, mkulima mmoja, hana hakika.

Kwani makadirio na kadari si wa tumbo moja?
Mmoja alipelekwa skuli akarudi na kikokotoo.
Mwengine alibaki nyumbani,
na kila mwaka huyu wa kikokotoo
humpigia hodi usiku, kimyakimya,
amuulize.

Mkuu wangu alipiga simu kutoka Unguja.
"Zuwena, umeweka ngapi?"
"Elfu tatu na mia mbili."
Kimya. Nikasikia feni yake inavyokwaruza.
"Kwa hiyo elfu tatu na mia mbili, Shumba hawapati paa.
Weka elfu nne na nusu. Bei ikipanda, tutafika."

Si mwizi, yule mtu.
Mchana hula muhogo wa kuchemsha juu ya mafaili,
na anajua kwa majina vijiji ambavyo walimu hawakai.
Laiti angekuwa mwizi, ningelala.

Mezani kwangu zimelala barua:
mashine ya picha ya spitali, imefunikwa shuka tangu Rajabu;
tuta la kuzuia maji ya chumvi yasile mpunga;
walimu sitini na wawili, wamefuzu, wanauza vocha;
na paa la Shumba, madarasa manne,
limeambatanishwa na picha: mtoto, daftari, mwavuli.

Chini kabisa pana neno *nakisi*,
neno zuri, ungemwita binti.
Na kando yake mkopo wenye masharti nafuu.
Nafuu huambiwa mgonjwa.
Masharti hutoa mganga.
Sijui nani alivikutanisha viwili hivi katika sentensi moja.

Mama alikuwa akifunga sunna
Jumatatu na Alkhamisi.
Mwisho wa mwezi alifunga na Jumatano.
Alitugawia sisi samaki, kichwa kwa huyu, mkia kwa yule,
akakaa pembeni anachambua mchele wa kesho,
na sisi watoto tukaona fahari kuwa na mama mcha Mungu.
Nilikuwa nishaolewa nilipogundua
Jumatano haina sunna.

Ndiyo nakisi ile. Sikuifundishwa chuoni.

Lakini serikali haina tumbo.
Ikifunga Jumatano, hufungia tumbo la mwengine,
na mwengine huyo haulizwi kama amenuia.

Saa tisa na nusu. Kishale kinapepesa kwenye kisanduku cheupe.
Nikiandika elfu nne na nusu
paa linapanda juu ya mstari, linapigiwa makofi,
linasomwa kwa sauti barazani,
na mwezi wa pili mwakani mtu ataulizwa fedha ziko wapi,
naye atasema: zilikuwa kwenye makadirio.
Nikiandika elfu tatu na mia mbili
hakuna atakayedanganywa.
Wataloa tu.

Nimeandika elfu tatu na mia mbili.
Nimeliona paa la Shumba likiteleza,
safu kwa safu, mpaka ukurasa wa nyuma
kwenye maneno *endapo fedha zitapatikana*.
Nikabonyeza tuma.
Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Alasiri ilinyesha.
Wenzangu walifunga madirisha wasiloweshe karatasi.
Mimi langu nililiacha wazi,
nikatega sikio upande wa kaskazini
kana kwamba kutoka hapa
mtu anaweza kusikia mvua inaangukia nini:
bati,
au daftari.